Mfalme wa Nyoka

Bwana Leung alikuja Mafinga na maneno mawili.
La kwanza tulilijua kabla hatujalijua jina lake:
sewongi.
Mfalme wa nyoka, Kihwele wa stoo akatufafanulia,
yeye aliyelipata kwa kuitwa nalo.
Yaani mtu anayejikunja mahali penye joto
saa za kazi.

Tulicheka mpaka tukaziweka vinia chini.
Sisi tuna mtegaji, tukamwambia. Anatega.
Anatega nini? akauliza. Sungura?
Hapana bosi, anatega kazi.
Akautazama uwanja wote, vinia zimesimamishwa juani
kama nguo za bweni zima,
akitafuta ulipo mtego.

La pili lilikuwa refu: mtu ambaye wali anaoula
unamziba tu tumboni, hautoki kuwa kazi.
Hilo halikushika. Huku tunakula ugali,
na ugali wa saa saba pale kiwandani
haujawahi kumziba mtu.

Lakini sewongi lilivuka geti.
Likapanda bodaboda hadi Kinyanambo,
mama Atupele akamwita hivyo jogoo wake.
Na Luvanda, aliyekutwa amelala nyuma ya boila,
mikono kaibana mapajani,
akaitwa hivyo mpaka msimamizi akamwandika hivyo
kwenye daftari la mahudhurio.
Usiku alikuwa analinda viazi vya watu.
Nguruwe pori hawana zamu.

Kisha Julai.
Ukungu ukashuka kutoka kwenye misindano alfajiri
na haukuaga.
Vinia zikabaki mbichi, zinanuka mkaratusi,
na kikavu ndicho kinacholipwa;
kibichi unaambiwa kesho.
Siku nne tulijikunja kando ya boila
wanawake kumi na wanane, vitenge hadi masikioni,
na Luvanda akatusogezea magogo ya kukalia,
mwenyeji wetu.

Siku ya tano Bwana Leung naye akaja.
Akavua glavu, akanyoosha viganja kwenye joto.
Neno tulikuwa nalo, lake mwenyewe,
likapita mdomo hadi mdomo bila kutoka.
Akainua uso, kule jua lilikojificha.
"Anatega," akasema.

"Linatega, bosi," Luvanda akamsahihisha,
akajibana kidogo, apate pa kukaa.