Sita Katika Ishirini

Kioo nimekitoa kwa mikono yangu
kwenye simu iliyokufa ndani ya ndoo ya maji.
Kioo kizima, cha kampuni ileile,
hata harufu ya gundi ni ileile.
Nikakivika simu ya Mwana Esha.

Simu ikawaka. Ikatutazama.
Ikaandika: Sehemu hii haitambuliki.
Kisha ikafifiza mwanga wake, makusudi,
kama mtu afungaye dirisha umwonapo.

"Haitambuliki na nani?" auliza Mwana Esha,
vidoleni bado ana unga wa alfajiri.
Sikuwa na la kumjibu, hapa Mwembe Tayari,
kibandani mwangu, futi nne kwa sita,
bisibisi kumi na tatu, mbili nimezichonga mwenyewe
kwa sababu kila mwaka wabadili vichwa vya skrubu
ili Nyevu asifungue.

Nguo ya kuazima haisitiri, twajua.
Lakini hii hakuiazima.
Ameilipa miezi kumi na minane, hamri kwa hamri,
risiti ameikunja ndani ya kibeti.
Basi niambieni: amenunua simu,
au amepanga chumba
ambacho mwenyewe aingia usiku bila hodi
na kubadili kitasa?

Juu yangu, ghorofani, akaa Shekuwe.
Huyu aliandika programu, usiku, umeme ukikubali:
kisima gani Majengo kimefunguliwa,
tangi gani Tudor lina maji matamu, lipi la chumvi,
foleni ni ya mitungi mingapi.
Akaiita Maji Wapi.
Shilingi ishirini kwa wiki, ujumbe waja mfukoni
kabla jirani hajaamka.
Mwana Esha alikuwa wa tatu kujiandikisha.

Wenye duka la programu wakasema: sita zetu.
Sita katika kila ishirini,
nao hawajapanga foleni hata siku moja,
hawajui mtungi ukijaa unavyokata kiganja.
Shekuwe akawapa. Angefanyaje?
Duka ni moja, na ufunguo wao.

Kisha akaongeza mstari mmoja, mdogo, chini kabisa:
Ukinilipa mkononi, ni kumi na nne.

Mstari huo ndio kosa.
Si uongo, si tusi, si wizi. Bei.
Kumbe kuna kanuni: mteja asiambiwe
kwamba kuna mlango mwingine.
Asubuhi Maji Wapi haikuwepo.
Akakata rufaa, kurasa mbili, Kiingereza safi,
jibu likarudi baada ya sekunde nne:
Tumeyasoma maelezo yako kwa makini.

Sekunde nne.
Hamri halijageuka rangi kwa sekunde nne.

Jumatatu maji matamu yalikuja Tudor saa tisa usiku
yakaisha saa kumi na moja.
Mwana Esha hakujua.
Alikanda kwa maji ya kisima, ya chumvi,
na wateja wake wa miaka, watu wa adabu,
wakala nusu nusu, wakasifu mbaazi.

Jana alipita kibandani.
Lile onyo hutokea kila awashapo simu, palepale juu,
basi ameliziba kwa plasta ya kidonda.
"Sasa yanitambua," asema, bila kucheka.
Nami sikucheka.

Shekuwe naye ameshuka na kipande cha mkaa.
Hakuniomba ruhusa, wala sikumdai sita.
Ameandika mlangoni kwangu:
LEO TUDOR, MATAMU, SAA TISA. MITUNGI 40.
Mbili zimekosewa herufi, na mvua itafuta yote,
na wa Kisauni hawezi kuusoma mlango wa Mwembe Tayari.
Najua. Asinieleze mtu.

Lakini mlango ni wa mbao, bawaba nilizipiga mimi,
moja nimeitoa kwenye kabati la mtu mwingine,
na mpaka leo
haujaniuliza inatoka wapi.