Siku ya Mgongo

Mbwana Lali ana daftari la kurasa mia,
jedwali limepigwa kwa kalamu nyekundu:
Jumatatu kifua, Jumanne mgongo,
Jumatano miguu, Alhamisi mabega,
Ijumaa baada ya sala, mikono peke yake.
"Ugawanye mwili," aniambia, "kama nyama ya karamu.
Kila kiungo kipate sahani yake."
Lali huketi. Kazi yake ni mihuri,
kiti cha magurudumu na feni, ofisi ya ardhi.

Famau, mwenye chumba cha vyuma mtaa wa Kashmir,
hana daftari.
Ana ekseli ya trekta
na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji.
"Hukuzaliwa vipande vipande," asema.
"Mara tatu kwa wiki, mwili mzima:
chuchumaa, sukuma, vuta.
Kisha nenda kalale."
Husema hivyo huku akipiga miayo.

Mimi niliwasikiza wote wawili,
nikafanya yote mawili.
Alfajiri ya Lali, jioni ya Famau,
na katikati, saa mbili hadi adhuhuri,
saruji kutoka gatini hadi Mkomani,
kilo hamsini begani,
katika vichochoro vyembamba
hata kiwiko kikikwangua chokaa ya watu.

Wiki ya kwanza shati lilibana, nikafurahi.
Wiki ya pili lilibana zaidi, nikanunua jingine.
Wiki ya tano
chuma nilichokuwa nikikichezea mwezi wa Rajabu
kilikataa kuondoka sakafuni.
Usingizi ulikuja hadi mlangoni,
ukachungulia, ukaenda zake.
Kabla sijashusha mguu kitandani
moyo ulikuwa umekwisha kukimbia.
Mkate wa mofa ulikuwa na ladha ya karatasi.
Nilimgombeza mdogo wangu
kwa sababu ya kijiko.

Mama alinikanda kwa mafuta ya simsim.
Kidole gumba kikatembea, kikatembea,
kikasimama.
"Yeo usende," akasema.
Nikaenda.

Gatini, Shekuwe alikuja na punda watatu.
Nikamuuliza wa nne yuko wapi.
"Kapumzika. Jana kabeba mchanga hadi Wiyoni."
"Anaumwa?"
Akanitazama
kama niliyeuliza bei ya hewa.
"Kwani ningoje aumwe?"

Nikabaki nimesimama, mfuko begani,
vumbi la saruji likinishukia shingoni.
Punda afe, mzigo wa bwana ufike:
tangu chuoni nimeisema, nimeicheka, nimewatupia wavivu.
Siku zote hizo sikujiuliza
ni nani aliyeitunga.
Si punda.
Wala, naona sasa, si mwenye punda.

Jioni nilichana mfuko mtupu wa saruji,
nikaandika upande wa ndani, usio na maandishi.
Mgongo: umekwisha, gatini.
Mabega: vivyo hivyo.
Jumapili na Alhamisi, kwa Famau, mwili mzima,
taratibu, kuvuta nikuache,
nivutako tangu asubuhi.
Siku zilizosalia nikaandika: tupu.
Neno lenyewe herufi nne,
na mkono ulitetemeka kuliko chini ya ekseli.

Lali alisoma, akasugua kidevu:
"Siku ya mgongo siioni."
Famau alisoma:
"Na ile mara ya tatu?"
Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.
Walikuwa wakiuliza habari za mwili mwingine.

Sasa ni mwezi. Chuma kimeanza kunitii tena,
si chote.
Mofa ina ladha ya mofa.
Kijiko nilimwomba radhi mdogo wangu,
akasema hakumbuki kijiko gani.

Leo Jumatano, tupu.
Niko mkekani, dirisha wazi,
na makopo ya Famau yanagonga sakafu
nyumba ya pili kutoka hapa:
moja, kimya, mbili, kimya.
Mkono wangu wa kulia umeanza kukunja ngumi.
Naukalia.