Ndugu wa Ziwa Moja

Yaliletwa Jumamosi, yote mawili,
kama wagonjwa wa nyumba moja.
Jekundu la Famau limekokotwa kutoka Gongoni,
pua imepondeka, tako limeinama,
chumvi ya kule imeshaanza kulionja.
La buluu la Ngumbao lilikuja kwa miguu yake
hadi Maweni, likazimikia mlangoni pangu.
Injini imenoki.

Wenyewe hawasalimiani.
Tangu zile mbio za alfajiri,
daraja la Sabaki hadi Mambrui,
kila mmoja anaapa ndiye aliyetangulia,
na shahidi wao ni muuza mahamri
aliyekuwa amewapa mgongo.

"Langu ni la ukoo," asema Famau, "tazama nembo."
"Langu lina roho," asema Ngumbao, "lako lina rangi."
Mimi na spana yangu namba kumi na mbili, kimya.
Nimezoea wanaume kunieleza magari yao
hata mkono wangu ukiwa ndani hadi kiwikoni.

Nikafungua boneti zote mbili.
Njooni, nikasema. Inameni.
Injini ile ile.
Imelala, haikusimama kama za wenzake,
mitungi miwili huku, miwili kule,
na juu ya chuma majina ya kampuni zote mbili
yamemiminwa katika kalibu moja, bega kwa bega.
Mmoja alileta chuma kinacholala,
mwingine akaleta namna ya kukinywesha petroli.
Wakazaa wawili, wakawapa majina mbalimbali,
wakawapeleka sokoni wakagombane.

Famau akapitisha kidole juu ya maandishi
kama asomaye kaburi la jamaa asiyemjua.
Ngumbao akasema ni fitina ya fundi.

Hata ugonjwa wao ni mmoja:
pampu ikipata joto hulia kama nyenje.
Famau alidhani ni bawaba ya mlango.
Ngumbao alidhani ni mtu, na anamjua.

Mwaka niliozaliwa, jirani yetu alilazwa
na mwanawe akaletwa kwetu ana siku tisa.
Ziwa la kushoto langu, la kulia la Shekuwe.
Miaka ishirini na mbili baadaye
wakaja wazee wake na posa, wamejipaka udi,
na mama, aliyekuwa akikuna nazi,
akaacha mbuzi, akahesabu kwa vidole.
"Yamepita matano," akasema. "Yamepita mbali."
Shauri likafia pale pale jamvini.
Chai wakanywa.
Hakuna aliyekosa.

Shekuwe yuko Lamu siku hizi,
anauza vipuri vya mashine za boti
katika mji ambao gari haliwezi kupinda kona.

Jana usiku, tochi mdomoni,
nilizungusha krenki kwa mkono, polepole.
Pistoni ya kushoto na ya kulia
hutoka pamoja, hurudi pamoja,
hukaribiana hadi pabaki upana wa mhimili mmoja,
wala hazigusani.
Ndiyo maana gari hili halitetemeki.
Kila moja humeza kishindo cha mwenzake.

Leo Famau ametaja bei ya injini yake
akinitazama mimi.
Ngumbao ameijibu akiitazama jeki.
Nimewapigania kama dalali, shilingi kwa shilingi,
mpaka wakachoka kutonitazama.
Adhuhuri moyo wa jekundu ulikuwa umetoka,
unaning'inia mnyororoni, unachuruza oili;
magharibi umo ndani ya buluu,
na tumboni haukuhitaji hata boliti moja mpya.

Iliposhika, Famau aliyesema anaenda zake
alikuwa bado amesimama getini.
Ngumbao hakumwita.
Alifungua tu mlango wa pili,
akaondoa gazeti kitini.

Nikampigia Shekuwe, nikaiweka simu juu ya boneti.
"Wasikia?"
"Nasikia nyenje," akasema. "Hiyo pampu."
"Ndiyo hiyo."
"Hukuibadilisha?"

Sikuibadilisha.
Wacha ilie kidogo.