Mistari Kumi na Sita

Albamu imenifikia kwenye flashi,
imeviringishwa kwa risiti ya duka la saruji.
Kaileta kijana wa bodaboda asiyejua amebeba nini:
"Nondo kasema usikilize ukiwa peke yako."
Peke yangu, hapa Sombetini,
mashine ya kuchomelea ikinguruma
na geti la mchungaji bado halijapakwa rangi!

Nikangoja umeme ukatike.
Kwetu mafundi, huo ndio ukimya.

Nondo. Loishiye, kwa waliomzaa.
Ana mvi za kidevu sasa, na sukari.
Jina tulimpa Ngarenaro tulipokuwa watatu,
mimi, yeye na Kaanaeli,
suruali mlegezo, kofia za sufi mpaka Januari,
tukighani bunduki ambazo hatukuwahi kuzishika.
Tulichoiba, ukweli wa Mungu, ni kuku wawili
wa mama yake Kaanaeli,
na aliwadai mpaka anaingia kaburini.

Ila neno likishatoka halina breki.
Kuna chalii wa Matejoo
alijua mistari yetu yote, na nondo aliyoishika
ilikuwa ya milimita kumi na mbili.
Usiku ule walipomzunguka na tairi
redio ya kibanda cha chipsi ilikuwa inatupiga sisi.
Hatukulizungumza.
Kaanaeli akaenda Mererani, shimo likajaa maji.
Mimi nikashika mashine.
Loishiye akabaki na maiki,
baa hadi baa, kampeni hadi kampeni,
hata harusi moja kule USA River
walimwomba aghani bila matusi,
akabakiwa na dakika moja na nusu.

Nyimbo kumi na moja.
Sauti imeshuka, imepata kutu nzuri.
Wa kwanza anazitaja dawa zake, asubuhi mbili, jioni moja,
kwa mdundo uleule tuliohesabia risasi.
Nilicheka peke yangu kama chizi.
Wa tatu anagombana na mwenye nyumba.
Wa tano ni wa mama yake, Kimaasai kitupu,
sikuelewa nusu, na nusu niliyoielewa
nimeirudisha nyuma mara mbili.

Wa saba hauna jina.
Mdundo ni ule wa dawati, viganja na peni ya Biki,
kaurekodi hivyohivyo, mbao tupu.
Anamtaja yule chalii: Eliamani.
Miaka yote hii sikujua kwamba analijua.
Anamtaja baba yake, muuza mkaa,
anaitaja rangi ya shati.
Haombi msamaha. Anasema tu,
*tulimuuzia kivuli, akakilipia kwa mwili*,
halafu kimya.

Mdundo haukukoma.
Nilidhani flashi imekwama.
Nikahesabu kwa kidole juu ya chuma baridi:
moja, mbili, tatu,
mpaka kumi na sita.
Ilikuwa zamu ya Kaanaeli.
Kisha mdundo ukaanza tena, mtupu vilevile,
nikaijua zamu hii ni ya nani.

Mimi ninayewafungia watu nyumba zao
nimeachiwa uwazi wa mistari kumi na sita,
na mtu ambaye mara ya mwisho tuliposalimiana
tulisalimiana msibani, kwa nyusi.

Umeme ukarudi. Sikuiwasha mashine.
Nilichukua chaki ya vipimo
nikaandika kwenye bati la geti la mchungaji,
chini ya *upana, mita tatu na nusu*:
*Nilikuwepo kwenye kibanda cha chipsi.
Mimi ndiye niliyesema ongezeni sauti.*

Yule kijana wa boda kapita tena, hajazima pikipiki:
"Mzee, nikamwambieje?"
Mwambie geti halijakauka.

Na mchungaji akija kesho kuuliza rangi,
nitamwambia bado,
mstari wa tatu unakataa kukaa.