Mishipa Saba

Daktari Arpenik alilichora jicho langu
nyuma ya risiti ya duka la dawa:
duara, na misuli minne imelishika
juu, chini, puani, sikioni.
"Damu ya mbele ya jicho husafiri juu ya hii," alisema.
"Kila msuli na mishipa yake miwili,
ila huu wa upande wa sikio. Huu una mmoja tu, maskini."
Saba, nikahesabu kwa ncha ya kidole.
Mimi ni fundi saa hapa Yerevan;
vitu vidogo ndivyo vilivyonilisha.

Presha? Ninayo.
Sigara? Nikasema hapana, kisha nikasema ndiyo.
Akafuta mstari mmoja kwenye mpango wake.
"Msuli nitaushona upya. Mshipa haushoneki.
Nikikata yote minne siku moja
mboni itazizima kama chumba kilichozimwa jiko.
Leo miwili. Mingine baada ya theluji."
Sikubisha. Nani hufungua skrubu zote
za saa inayotembea?

Wakanidunga rangi mkononi.
Nilikojoa manjano hadi kesho yake,
lakini kwenye kioo cha mashine niliiona damu yangu:
uzi wa kijani, mwembamba kuliko springi ya saa ya kike,
ukizunguka mboni, ukisita, ukiendelea.
Sijawahi kutengeneza kitu kama kile.

"Mbona sasa, mzee, na miaka sitini na minane?"
aliuliza nesi Hripsime.
Kwa sababu ya mchonga mawe.
Ameshamchonga Heghine wangu, na skafu yake,
akaacha nafasi ya uso wangu kando,
kisha akauliza kwa adabu, penseli sikioni:
"Macho nikuchonge yalivyo?"

Nilitoka na bandeji.
Kwenye kona kuna kibomba cha jiwe
kisichofungwa mchana wala usiku. Niliinama, nikanywa.
Mwaka juzi walichimba barabara wakakata bomba kubwa;
maji yalipungua, yakawa uzi,
lakini yalikuja,
sijui yalipitia wapi.

Nyumbani nikakaa mahali pangu mezani.
Miaka arubaini Heghine aliketi kulia kwangu,
na jicho hili la kushoto, lililogeukia puani,
mwenzake akihangaika na saa za watu,
lenyewe lilikuwa likimtazama yeye.

Hilo sikumwambia daktari.
Imebaki misuli miwili.