Mgongo kwa Jukwaa

Saa mbili kasoro kumi meneja akabandika karatasi mlangoni:
mwimbaji amekaukiwa na sauti, onyesho limeahirishwa,
tiketi zitunzwe.
Watu mia tatu wakaguna kwa pamoja,
wakafungua miavuli, wakashika njia.
Wanne wakabaki.
Mvua ya Plovdiv mwezi wa kumi haina haraka,
nao hawakuwa nayo.
Nikawaacha wajibanze chini ya paa la ghala,
ghala lililokuwa la tumbaku, na hadi leo
ukuta ukilowa hunuka jani kavu.

Rumiana ndiye aliyeanza, akimenya mbegu za alizeti.
Kwetu hatukuwa na santuri, alisema. Jirani alikuwa nazo.
Ukuta ulikuwa mwembamba lakini mchoyo:
ulipitisha besi tu, dum, dum-dum,
sauti nyingine zote ukazimeza.
Miaka sita nimelala sikio kwenye saruji,
wimbo nikaujaza mwenyewe,
maneno yangu, zumari yangu.
Nilipopata mshahara wa kwanza nikainunua santuri ile ile,
nikaisikia nzima.
Akatema ganda.
"Wangu ulikuwa mzuri zaidi."

Ognian, fundi wa lifti, akacheka hadi akakohoa.
Yeye na binamu zake waliondoka shambani na trekta ya ushirika,
kilomita tisini hadi uwanjani,
wakapitwa na malori, wakapitwa na baiskeli,
mlimani wakapitwa na mbwa.
Wakafika wimbo wa mwisho.
"Nusu wimbo! Niulize neno lolote la ile nusu."

"Mwaka ule mpiga ngoma alianguka," Lachezar akadakia.
"Hakuanguka."
"Alianguka, nilikuwa mstari wa tatu."
"Ulikuwa jeshini, wewe."
Wakabishana: ilikuwa kiangazi, ilikuwa vuli,
shati lilikuwa jekundu, hakuvaa shati.
Miaka thelathini na tano,
na kila mmoja bado anaulinda usiku wake
kama mwenye shamba anavyolinda mpaka.

Wa nne alikuwa mama mwenye kofia ya sufi,
Ginka, karani wa posta aliyestaafu.
Wakamgeukia. Zamu yake.
"Mimi," akasema, "hii ndiyo ya kwanza."
Ya kwanza mwaka huu?
"Ya kwanza."
Hakueleza, na hakuna aliyemchimba.
Rumiana akamsogezea mfuko wa mbegu.

"Na wewe, askari?" Ognian akaniuliza,
labda ili kuuziba ule ukimya.
Mimi. Miaka ishirini na sita niko pale mbele,
uso kwa umati, mgongo kwa jukwaa,
ndiyo kazi, ndiyo mkate.
Usiniulize mpiga gitaa gani alikuwa na kipara.
Ninachojua ni kwamba wimbo fulani ukianza
wanaume wazima hutazama viatu vyao.
Nilimwona mtoto begani kwa babake
amelala fofofo, spika zinatikisa nguzo.
Na najua bega: bega huanza kucheza
kabla mwenyewe hajaamua.

Hairuhusiwi, lakini funguo zilikuwa kiunoni.
Nikawasha taa moja.
Ngoma zimefunikwa shuka, nyaya zimejikunja sakafuni,
maikrofoni imesimama kama mtu
aliyesahau alichoitiwa.
Lachezar akawaonyesha mahali mpiga ngoma angeangukia,
kama angeanguka, na aliangu—
"Hakuanguka."
Ginka akaenda moja kwa moja hadi kwenye kizuizi,
akakishika kwa mikono miwili.

Ognian akagonga chuma kwa pete yake: dum, dum-dum.
"Siyo hivyo," Rumiana akamkatiza,
akamsukuma kidogo, akagonga yeye, kwa vifundo vya vidole,
polepole, kama mtu anayebisha hodi
kwenye ukuta anaoujua.

Nami kwa mazoea nikageuka,
nikakipa kile kiza cha jukwaa mgongo,
nikamtazama Ginka.
Kofia ilikuwa bado inachuruzika maji.
Macho ameyakaza mbele, kwenye shuka na nyaya.
Bega la kushoto lilikuwa limeshaanza.