Mkate wa Ushangi

Saa kumi na mbili asubuhi, Zestafoni,
moshi wa kiwanda cha chuma haujaamka bado,
Ushangi ameinama, kichwa na mabega vimezama
ndani ya tanuri la udongo lenye kina cha kisima,
anabandika unga ukutani kwa kiganja kimoja.
Miguu yake tu ndiyo imebaki duniani.
Nami kwenye foleni naitazama miguu hiyo:
hakuna mwana wa mtu aliyewahi kuing'oa.

Mimi ndiye mwenye medali. Tuanze hapo.
Shaba. Ipo kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni;
mjukuu huing'ata aone kama ni biskuti.
Watoto wa shule huletwa kunisalimu.
Wakitoka kwangu, wenye njaa hupitia kwake,
hununua shoti ya moto, iliyochongoka ncha mbili,
wala hawajui chenji wameipokea mkononi mwa nani.

Mwaka ule umeme ulikatika majira yote ya baridi.
Tulifanya mazoezi kwa taa ya mafuta, makoti mwilini,
pumzi zikitufuka kama ng'ombe zizini.
Kocha Ipolite alikuwa na masikio ya maandazi yaliyokaliwa
na maneno ya kuhesabika: "Wewe," aliniambia, "fanya kazi."
Akamgeukia Ushangi: "Wewe, usiharibu."
Miaka sita alinibwaga. Kwa roba, kwa ngwala,
na kwa ule mwereka wake usio na jina,
kama mtu aliyekuondolea ardhi kwa adabu.
Unajikuta chali, unahesabu mbao za dari,
naye keshakunyoshea mkono uinuke.

Sasa uliza mjini kwa nini hakufika.
Mwenye duka la dawa atakuambia: pombe.
Kinyozi: kaka yake aliyefungwa, na mama, na madeni.
Dereva wa lori la makaa ana hakika ni goti,
hata goti lenyewe atakuonyesha, la kushoto,
kwenye mguu wake mwenyewe.
Kila mmoja ana kiraka, na nguo haionekani.
Mimi hakuna aniulizaye.

Tbilisi, mchujo wa mwisho, nafasi moja.
Zimebaki sekunde arobaini, anaongoza,
amelibana bega langu la kulia, amelikunjia nyuma,
nikasikia, naye akasikia, kitu kikilia ndani yangu
kama kuni mbichi motoni.
Akalegeza. Kidogo tu. Upana wa ukucha.
Nami, Mungu anisamehe, sikungoja kukaribishwa.
Nikapinduka. Nikamlaza. Refa akapiga mkeka kofi moja.

Kwenye treni ya kurudi alinibebea mkoba,
maana mkono wangu haukuinuka,
akalala usingizi wa mtoto mchanga hadi stesheni.
Mimi, mshindi, nilikesha
nikihesabu nguzo za simu gizani.

Miaka ishirini na minane nimetembea na swali hilo
kama kokoto kiatuni. Juzi theluji ilifunga barabara,
hapakuwa na mteja mwingine, likanitoka:
"Uliniachia?"
Akafuta unga kwenye nyusi. Akacheka kwa pua.
"Mikono ilikuwa na jasho," akasema.
Kisha akarudi tanurini, kichwa mbele,
akakaa humo zaidi kidogo ya mkate unavyotaka.

Alipoibuka, uso umemwiva, alinipa miwili.
Nikaikwapua, nikaondoka haraka, kama mwenye shughuli.
Bega lile huuma nyakati za theluji. Niliacha liume.
Nimefika mlangoni ndipo nikakumbuka sijalipa,
nikasimama hapo, funguo mkononi,
mkate ukipoa.